Kuipiga Picha Tembe

Mtu asafiriye kutoka Dodoma kuelekea Manyoni, awe katika gari moshi au katika basi, hupita leo katikati ya mapaa ya bati yanayometameta hadi upeo wa macho. Mwaka 1910, reli ya kati ilipofika Dodoma, msafiri asingaliyaona mapaa hayo. Angaliona vichaka, mibuyu, vichuguu, na pengine moshi ukipanda juu bila nyumba kuonekana. Maana tembe ya Mgogo ilikuwa fupi, rangi yake ilikuwa ile ile ya ardhi iliyoizunguka, na paa lake lilikuwa bapa mfano wa uwanja. Katika siku za kutekana ng'ombe kutoonekana huko kulikuwa ni kinga kwa wenye nyumba. Kwa mpiga picha ni taabu tupu.

Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukipiga picha za tembe zilizosalia katika vijiji vya Chamwino, Bahi na Mpwapwa, na mara chache tumevuka hadi upande wa Kondoa na Manyoni. Ukisimama barabarani na kuielekezea tembe kamera, utakachopata ni mstari wa udongo chini ya mbingu kubwa, na mbuzi wawili mbele yake. Picha za namna hiyo tunazo nyingi, na zote hazina faida. Hazisemi nyumba imesimamaje, wala nani aliijenga, wala ndani kuna nini. Tembe haina uso wa kuwaonyesha wapita njia. Uso wake umegeukia uani.

Wasomaji wa Pwani na wa nchi za migomba wataturuhusu tueleze kidogo. Nguzo zenye panda huchimbiwa kwa safu. Juu ya panda hulazwa mihimili. Juu ya mihimili hupangwa miti myembamba iliyokaribiana. Kisha fito na matawi, kisha majani au mabua ya mtama, na juu ya yote udongo ulioshindiliwa. Ukuta husukwa kwa miti na kukandikwa udongo uliochanganywa na samadi. Walakini mzigo wa paa hubebwa na nguzo, wala si na udongo wa ukuta. Ndiyo maana katika mahame huweza kuonekana nyumba ambayo ukuta wake umekwisha kumomonyoka na paa lingali juu, limeegemea nguzo zake kama mzee na mkongojo. Nyumba huwa ndefu na nyembamba, nayo huzunguka ua kwa pande mbili, tatu au nne. Kila mke ana vyumba vyake na jiko lake. Ng'ombe hulala uani, na ndama na mbuzi hupata sehemu yao ndani.

Si Wagogo peke yao waliojenga hivyo. Wahehe, Warangi, Wasandawe na Wanyaturu nao wana tembe zao, kila watu kwa namna yao, na sababu yake yapatikana katika nchi yenyewe. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Nyasi ndefu za kuezekea ni haba, na upepo wa kiangazi ni mkali. Paa la udongo halihitaji nyasi nyingi, haling'olewi na upepo, huzuia jua la mchana na kuhifadhi joto la usiku wa Julai. Na adui akilitupia kijinga cha moto, udongo hauungui. Tena paa hilo ni ghala na uwanja: hapo huanikwa mtama, uwele na vipande vya maboga, mahali ambapo mbuzi hafiki.

Katika kusoma habari za wapiga picha wa nchi nyingine tulikuta jambo lililotufikirisha. Jimbo la Vermont huko Marekani lina madaraja ya zamani ya mbao yapatayo 100, ambayo yamejengewa kuta na kuezekwa mapaa kama nyumba. Watu hufunga safari kwenda kuyapiga picha, wakitafuta daraja baada ya daraja katika vijiji vya mbali. Hatukuacha kutabasamu, kwa kuwa hapa kwetu, kwa miaka mingi, mtu aliyeelekeza kamera yake kwenye daraja la reli alijitafutia maswali ya polisi. Lakini kisha tuliuliza: kwa nini daraja liezekwe? Kumbe paa lile halikuwekwa kwa ajili ya msafiri. Liliwekwa kuikinga mbao isipate mvua na theluji, maana daraja la mbao lililo wazi huoza upesi, na lililofunikwa huweza kupita miaka 100. Hapo tuliielewa tembe vizuri zaidi kuliko tulivyoielewa kwa kuzaliwa karibu nayo. Paa lake humkinga mtu, ni kweli, lakini hasa huzikinga nguzo. Mwenye nyumba akiacha kupandisha udongo msimu mmoja tu, maji hupata njia, hufuata panda, huingia katika moyo wa nguzo. Na baada ya hapo mchwa hawahitaji mwaliko.

Kule Luzern, nchini Uswisi, lilikuwapo daraja la mbao lenye paa, lililojengwa katika karne ya 14. Mwaka 1993 liliungua sehemu kubwa, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1994, na hadi leo huhesabiwa kuwa ni daraja lile lile la kale. Twalitaja kwa sababu ya swali gumu linalohusu tembe. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na pia humpa Waziri uwezo wa kutangaza mengine yastahiliyo kulindwa. Sasa, ni tembe ipi ya Ugogo itakayotimiza umri huo? Hakuna. Nguzo huliwa na kubadilishwa moja moja, watoto huoa na kuongeza upande mwingine wa nyumba, mifugo ikikosa malisho watu huhama na kujenga kwingine. Kilicho cha kale katika tembe ni namna ya kujenga. Ule mti uliosimama pale leo huenda umekatwa juzi, lakini mkono ulioukata umefuata mikono ya watu ambao Richard Burton aliwakuta wakikaa katika nyumba hizo hizo alipopita na misafara mwaka 1857. Sheria inayotafuta umri wa ukuta haiwezi kuuona umri wa namna hiyo. Kamera nayo huweza kuuona ikiwa tu mpiga picha amejua pa kuielekeza.

Tembe mashuhuri kuliko zote hapa nchini ni ile ya Kwihara, karibu na Tabora, ambamo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872. Nyumba hiyo imejengwa upya na kufanywa makumbusho. Twaifurahia, ingawa hatuwezi kuacha kusema kwamba imehifadhiwa kwa sababu ya wageni waliolala ndani yake. Katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, iko pia tembe ya Kigogo pamoja na nyumba za makabila mengine. Kazi hiyo ni njema sana, na mwalimu awezaye kuwapeleka wanafunzi wake huko asikose. Lakini mvua ya Dar es Salaam ni karibu mara mbili ya ile ya Dodoma, na paa la udongo lililobuniwa kwa nchi kame hupata shida kubwa katika nchi ya minazi. Isitoshe, pale hakuna moshi, hakuna ndama, wala bibi wa kukuuliza umefuata nini.

Swali hilo la bibi ndilo hasa lililotufanya tuandike makala haya.

Katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino tulimkuta bibi mmoja ameketi kivulini anapepeta uwele. Tulimwamkia, "Mbukwa, bibi." Akaitika, "Mbukwenyi, wanangu," kisha akaitazama kamera. "Mmekuja kupiga picha umaskini wangu?"

Tukasema, "La, bibi. Tumekuja kuipiga picha nyumba yako."

"Nyumba ile pale," akasema, akionyesha kwa kidevu nyumba ya tofali na bati aliyojengewa na mwanawe. "Hili ni jiko."

Na kwa hakika ile tembe, ambayo zamani ilikuwa na pande tatu, ilikuwa imebaki upande mmoja tu, nayo ilitumika kwa kupikia na kuwekea nafaka. Bibi alitupa sharti. Akaingia ndani, akajifunga khanga mpya, akatoka na kuketi mbele ya mlango wa nyumba ya bati, akataka picha ya kwanza iwe hiyo. Tukaipiga. Baada ya hapo alituongoza mwenyewe katika tembe, na hapo ulimi wake ukafunguka: nguzo hii ilikatwa na shemeji yake mwaka wa njaa, ile ililetwa na ng'ombe wakiburura, katika chumba kile cha ndani alizaliwa huyo huyo mwanawe mwenye bati. Tulipomwuliza kama bado hulala humo, alicheka. Mwezi wa Oktoba, akasema, bati hutoa moto kama kikaango, na mtu mzima ana haki ya kulala jikoni kwake.

Aibu ile ya kwanza haikuzaliwa na bibi. Katika Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye nchini kote katika Operesheni Vijiji ya 1974 hadi 1976, watu waliokuwa wametawanyika walihamishiwa katika vijiji, na tembe nyingi ziliachwa au zikabomolewa. Nyumba ya tofali ilikuwa ishara ya maisha mapya. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino akafyatua matofali pamoja na wananchi. Hatuna budi kuwa wa haki hapa. Tembe ilikuwa na kasoro zake, na mwenye kuisifu bila kuzitaja hakupata kulala ndani yake. Ilikuwa na giza na moshi uliowaumiza macho akina mama. Katika nyufa za sakafu na kuta zake walijificha papasi, na homa ya papasi ilijulikana sana katika mkoa wa Dodoma. Watu walitaka shule, maji na zahanati, na vitu hivyo haviwezi kuifuata kaya moja moja porini. Hatupigi picha hizi ili kumrudisha mtu yeyote katika tembe.

Lakini tembe ilipata kuonyeshwa mara nyingi mno kama kitu cha kuondolewa. Ilisimamishwa upande wa kushoto, na nyumba ya bati upande wa kulia, ili mtazamaji achague, naye alichagua. Kabla ya hapo, katika picha za wakati wa Wajerumani tulizopata kuziona, tembe iko nyuma ya watu kama pazia, wala hakuna aliyeuliza jina la mwenye nyumba. Picha nyingi za wakati huo sasa zimehifadhiwa Ujerumani, baadhi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, na zile za mpiga picha Walther Dobbertin katika Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Mpwapwa atakaye kuona paa la babu wa babu yake huenda akalazimika kulitafuta Ulaya, na akilipata atakuta maelezo mafupi ya Kijerumani yasiyotaja hata kijiji.

Twaulinganisha msiba huu na bahati ya ngoma. Muziki wa Kigogo ulipata heshima ya Taifa. Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliubeba pamoja na zeze na ilimba yake hadi Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo hadi katika majukwaa ya dunia. Zeze hubebeka, mtu hulitia begani akapanda nalo ndege. Nyumba haibebeki, na labda ndiyo sababu wale wale waliopiga makofi kwa sauti ya zeze hawakuuliza lilipigiwa wapi.

Sasa turudi kwenye kamera, maana wako walimu ambao wangependa kuifanya kazi hii na wanafunzi wao. La kwanza: usisubiri bati litoke katika picha. Tumesoma kwamba wapenzi wa madaraja ya mbao hungoja gari lipite ili picha ionekane ya zamani, na hapa kwetu pia wako wapiga picha wanaojipinda mgongo ili waikwepe nyaya ya umeme au ndoo ya plastiki. Sisi tumeamua kuviacha. Tembe ya leo ina ndoo ya plastiki mlangoni na jirani wa bati. Picha inayovificha husema kwamba watu hawa wanaishi katika wakati mwingine, na huo ni uongo ule ule wa zamani, isipokuwa umevaa nguo za kusifu badala ya nguo za kudharau.

La pili ni giza. Mtu aingiapo ndani ya tembe kutoka katika jua la mchana haoni kitu kwa muda. Yafaa aketi, azungumze na wenyeji, ayaache macho yazoee. Kamera nayo iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu na ipewe sekunde kadhaa za kuona. Taa ya kamera hatuitumii, kwa sababu hugeuza kila kitu kuwa cheupe, na weusi ndio wenye habari: chini ya paa, miti imepakwa masizi ya miaka mingi hadi imeng'aa kama mpingo, na masizi hayo, kama wazee wasemavyo, ndiyo yaliyowafukuza wadudu. Elekeza kamera mahali panda inapopokea mhimili. Hapo hapana msumari wala kamba, ila uzito tu na jicho la fundi aliyechagua mti wenye panda ya kufaa alipokuwa bado msituni. Piga alama za shoka. Piga vihenge na mawe ya kusagia. Kisha andika, siku hiyo hiyo, jina la kijiji, mwaka, nani alijenga, na miti inaitwaje kwa Kigogo. Maana picha isiyo na maneno, baada ya miaka 20, huwa kama mgeni aliyesahau kwao. Majina ya miti ndiyo yanayopotea kwanza. Tumewakuta vijana waliozaliwa ndani ya tembe ambao huiita kila nguzo mti, basi.

La tatu ni paa, na hilo si la kila mtu. Upande wa Mpwapwa yuko mzee mmoja ambaye kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, huchimba udongo wa kichuguu, huuponda, na kuupandisha juu kwa ndoo. Katika kitongoji chake hakuna mwingine afanyaye hivyo tena. Tulipomwomba ruhusa ya kupanda, alituambia tuvue viatu na tukanyage pale tu alipokanyaga yeye. Alitembea polepole akifuata mihimili ambayo haionekani, kama mtu avukaye mto kwa mawe anayoyajua. Kutoka juu tuliona kile ambacho ardhini hakionekani kamwe: nyumba nzima kwa mara moja, pande zake tatu, ua wenye kwato za ng'ombe, mahali upande wa nne uliposimama kabla ya wake wa nduguye kuhama, na nyufa nyembamba zilizochorwa na kiangazi juu ya udongo. Alitembea juu ya kila ufa, akatueleza ni upi utajifunga wenyewe mvua ikinyesha na ni upi utakaoleta maji kitandani. Tulijaribu kuziona tofauti zao. Katika picha, nyufa zote zafanana.

Chini, kwenye ukuta wa tembe hiyo, zimeegemezwa bati mpya zilizofungwa kwa waya. Wanawe walio mjini wamezinunua. Mzee hakuzikataa, wala hajazifungua. Alisema anangoja fundi, na alipotaja fundi aliangalia mbali. Tukapiga picha ya bati hizo mahali pale pale zilipo, zikiegemea udongo.

Tumepatana naye turudi mwezi wa Novemba, tumpige picha akipandisha udongo, hatua kwa hatua, tangu kuchimba hadi kushindilia, kwa kuwa kazi hiyo hatujapata kuiona ikipigwa picha yote kwa mfululizo. Tulimwuliza itakuwaje iwapo fundi wa bati atatangulia. Akafikiri, akasema tuje vile vile. Paa likiezuliwa, alisema, panda na mihimili huonekana vizuri zaidi kuliko wakati wowote tangu siku ya kujenga, nasi tutaweza kuzipiga kwa mwanga wa jua.